Mgeni Alale Mtaa Gani?

Msomaji, huenda swali lililoandikwa juu ya insha hii likakuchekesha. Mambo ya wema na ubaya yanayozungumzwa katika vitabu vya shule aghalabu ni makubwa: kweli na uongo, haki na dhuluma, ushujaa na woga. Mahali pa kulala mgeni huonekana kuwa jambo la mfuko na la miguu tu. Mwenye fedha nyingi hulala penye kitanda laini, mwenye fedha chache hulala anapoweza, na kukicha wote wawili huamka wakaenda zao. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoulizwa swali hilo na mtu aliyekuwa na haki ya kupata jibu jema kwangu.

Mtu huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anauza nguo katika duka dogo mjini Nairobi. Kama wafanyabiashara wengine wa Afrika Mashariki waliomtangulia, alikuwa akijitayarisha kwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kununua nguo kwa jumla katika soko la Pratunam. Baada ya biashara yake alikuwa na siku tatu za kuutazama mji. Alijua kuwa nimepata kufika huko mara moja, kwa mkutano wa walimu, na kwamba mkutano ulipokwisha nilikaa siku sita zaidi kwa gharama yangu mwenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, nilale mtaa gani?"

Nikamjibu upesi. Nilimwambia mtaa upi u karibu na reli, upi una vyumba vya bei nafuu, na upi una kelele usiku. Aliandika yote, akashukuru, akaenda zake. Alipokwisha ondoka niliona kwamba nimemjibu kama karani wa kukata tiketi. Kila nililomwambia lilikuwa kweli. Lakini neno moja lililonipata huko nililificha, kwa kuwa lilinitia aibu. Nitalieleza mbele.

Kwanza yafaa uujue mji wenyewe. Bangkok umelala kando ya mto Chao Phraya, na wenyeji huuita Krung Thep. Mji mkuu wa zamani wa nchi hiyo, Ayutthaya, uliangushwa na majeshi ya Burma mwaka 1767. Mfalme Taksin akaweka makao yake Thonburi, upande wa magharibi wa mto, na mwaka 1782 mfalme aliyemfuata, Rama wa Kwanza, akayahamishia upande wa mashariki. Mahali alipotaka kujenga jumba lake palikuwa pamekaliwa na wafanyabiashara wa Kichina. Wakaambiwa wahame, nao wakaenda nje ya ukuta wa mji, mahali paitwapo Sampheng. Angalia, msomaji, jinsi mambo yalivyoanza: mji mkuu huo ulizaliwa kwa watu kuhamishwa mtaa wao. Lakini watu wale walikuwa hodari wa biashara, na Sampheng ikanawiri, ikatanuka mpaka barabara ya Yaowarat, ambako leo wageni wa mataifa yote hukaa juu ya vigoda vya plastiki usiku wakila samaki na tambi kando ya magari yapitayo. Mwaka 2019 reli ya chini ya ardhi ilifikishwa huko, na mgeni sasa huibuka kutoka ardhini katikati ya maduka ya dhahabu.

Karibu na jumba la kifalme iko Khao San, barabara fupi ambayo jina lake maana yake ni mchele, kwa kuwa zamani mchele uliuzwa hapo. Sasa umejaa nyumba za wageni wenye mifuko myepesi. Silom ni mtaa wa mabenki na maofisi. Sukhumvit ni barabara ndefu mno, yenye vichochoro viitwavyo soi vilivyotiwa nambari: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Kwenye kile cha tatu Waarabu wana mikahawa yao, na mtu wa Pwani atapata humo wali na nyama aliyozoea, hata akasahau kwa muda kuwa yu mbali na kwao. Tangu mwaka 1999 treni ipitayo juu ya nguzo huunganisha mitaa hiyo mipya. Ng'ambo ya mto, katika Thonburi, iko mitaa ya kale ambayo treni hiyo haikuifikia kwa karibu, na huko mtu huvuka kwa feri.

Sidharau maswali ya bei na ya usafiri. Magari ya Bangkok husongamana kiasi ambacho mtu aweza kuiona hoteli yake kwa macho na asiifikie kwa nusu saa. Mwenye mizigo ya nguo hana budi kulala karibu na soko, na kumwambia mtu kama huyo akatafute mtaa wenye historia ni kumfanyia mzaha. Msichana anayesafiri peke yake ana haki ya kuuliza kama njia ina taa usiku. Haya yote ni maswali ya akili, na asiyeyauliza hupata hasara.

Lakini, msomaji, yatazame tena. Yote ni maswali ya mgeni juu ya nafsi yake. Nitalipa nini? Nitafika saa ngapi? Nitapata usingizi? Hakuna hata moja linalouliza juu ya wale watakaolala upande wa pili wa ukuta. Nao wapo. Walikuwapo kabla hatujafika, na watakuwapo tukiisha kuondoka, ikiwa wataachwa wakae.

Nasema ikiwa wataachwa, kwa sababu nyuma ya ngome nyeupe iitwayo Pom Mahakan, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Khao San, palikuwa na mtaa mdogo wa watu wapata mia tatu. Ngome hiyo ni moja kati ya mbili tu zilizosalia katika zile kumi na nne za Rama wa Kwanza. Baina ya ukuta wake na mfereji wa maji zilisimama nyumba za mbao, nyingine za kale sana, chini ya miti mikubwa. Humo walikaa watu wa kazi ndogo ndogo, na mtaa ulijulikana kwa mafundi wake wa vizimba vya ndege. Mwaka 1992 halmashauri ya mji iliamua waondoke ili pafanywe bustani ya watu wote, na ukuta wa kale uonekane vizuri. Watu wale walikataa. Hawakukataa kwa mawe. Walikataa kwa maneno, kwa maombi, kwa mashauri mahakamani. Walileta mpango wao wenyewe, kwamba wao wawe walinzi wa ngome na bustani, wafagie na kuwaonyesha wageni nyumba zao. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Herzfeld, alifuatana nao kwa miaka mingi, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2016. Walishindana kwa muda wa robo ya karne. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 wa mwisho wao waliondoka, na nyumba zikavunjwa. Leo pale pana majani mabichi yaliyokatwa vizuri. Nilipita hapo asubuhi moja. Palikuwa safi, na hapakuwa na mtu isipokuwa mfagiaji.

Je, mgeni aliwafukuza? Hakuwafukuza. Hakuna mgeni aliyetia sahihi katika amri ile, na bustani ilikusudiwa wenyeji wa mji pia. Usinishike vibaya. Lakini mji unapopambwa kwa ajili ya macho ya wapitao, wakaao huanza kuonekana kama takataka zilizo mbele ya picha. Mgeni anayelala mahali pengine kwa raha zake, akaja kupiga picha ukuta mtupu na kusema "mahali hapa panapendeza," amekuwa sehemu ya hesabu, hata ikiwa hakuulizwa. Nami nilipiga picha hiyo. Ningali nayo.

Mambo ya Khao San ni mengine, tena magumu zaidi kuyahukumu. Hapo hapakuwa na amri wala kesi. Katika miaka ya 1980 wakazi wenyewe walianza kukodisha vyumba kwa vijana wa kigeni waliotaka kuwa karibu na jumba la kifalme. Chumba kimoja kikawa viwili, nyumba moja ikawa kumi. Ghorofa ya chini ikawa duka la kuuza pombe, na jirani aliyetaka kulala akaona afadhali naye akodishe akahamie mbali. Nani alitenda kosa? Kijana aliyelala pale mwaka wa kwanza alikuwa mtu mnyenyekevu, mwenye mfuko mmoja mgongoni, aliyefurahi kula pamoja na mwenye nyumba. Wa elfu alikuta muziki unaotikisa madirisha. Kila mmoja alifika akidhani yeye ni mmoja tu.

Usikimbilie kusema kwamba basi wageni wasije. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Bangkok lilithibitika hilo kwa uchungu. Mwaka 2019 Thailand iliwapokea wageni karibu milioni 40. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakaifunga mipaka, na mwaka 2021 wageni walioingia hawakufika hata nusu milioni. Khao San ilikuwa kimya, milango ya chuma imeshushwa, wapishi wa barabarani wamerudi mashambani kwa wazazi wao. Wale waliolalamika kwamba wageni wameuharibu mtaa walikaa wakiwangojea wageni hao hao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mgeni ni balaa tupu, mwulize alikula nini mwaka ule.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mkutano wa walimu ulipokwisha, wenzangu walihamia hoteli moja ya Sukhumvit, kubwa, yenye lifti na chai ya asubuhi. Mimi niliwaona kuwa watu wasiojua kusafiri. Nilijiambia kwamba mwalimu hapaswi kulala penye kuta za vioo. Nitakaa na watu, nione maisha yao ya kweli. Nikatafuta chumba katika Kudi Chin, ng'ambo ya mto.

Kudi Chin ni mtaa wa kuvutia, na sijutii kuuona. Ardhi yake Mfalme Taksin aliwapa Wareno mwaka 1769, na wajukuu zao, ambao kwa sura na kwa ulimi ni Wathai, bado wanasali katika kanisa la Santa Cruz, ambalo jengo lake la sasa ni la mwaka 1916. Hatua chache kutoka kanisani kuna hekalu kubwa la Kibudha na hekalu dogo la Kichina, na mbele kidogo uko msikiti wa Bang Luang, mweupe, uliojengwa kwa umbo la mahekalu ya Kithai hata mgeni hupita asijue kuwa ni msikiti. Watu wa mtaa huo huoka keki ndogo ziitwazo khanom farang, yaani vitamu vya wazungu, kwa namna waliyorithi tangu wakati wa mababu zao wa Kireno. Vichochoro vyake ni vyembamba, watu wawili wakikutana hupishana kwa ubavu. Nyumba nyingi ni za mbao, na madirisha yake yako kimo cha bega la mpita njia.

Katika kichochoro hicho nilifika saa sita usiku, nikiburuta sanduku langu lenye magurudumu juu ya sakafu ya saruji yenye viungo. Umepata kusikia sauti hiyo? Ni kama mtu anayepiga kopo kwa kijiti, bila kuchoka. Niliona taa moja ikiwaka, kisha nyingine. Sikufikiri kitu, nilifurahi kuwa njia imepata mwanga. Usiku wa pili nilirudi nimechelewa tena, nikizungumza na nyumbani kwa simu, na sauti yangu, kama mjuavyo walimu, imezoea darasa. Usiku wa tatu vivyo hivyo. Kila asubuhi bibi mmoja wa nyumba ya mbele yangu aliinua mikono miwili kifuani, akainamisha kichwa kwa salamu yao, akatabasamu. Nikajiambia, "Tazama nilivyopokewa."

Siku ya nne mwenye nyumba aliniletea chai. Alizungumza kwanza juu ya mvua, kisha juu ya feri, kisha juu ya mvua tena. Mwishowe akasema, kwa upole ambao sijausahau, kwamba bibi wa mbele huamka saa kumi za alfajiri kuwasha tanuri, na kwamba siku hizi usingizi wake ni mwepesi. Akaongeza upesi kuwa bibi hakulalamika. Hakusema neno lolote. Ni yeye tu, mwenye nyumba, aliyeona kwamba macho yake ni mekundu.

Wathai wana neno lao, kreng jai. Ni ile hali ya moyo kuona haya kumsumbua mwenzako, au kumwambia jambo litakalomtahayarisha, hata kama wewe ndiwe uliyeumia. Nasi tunao ustaarabu wa namna hiyo, hasa watu wa Pwani, ijapokuwa hatuna neno moja linalouzoa wote. Mtu mwenye hali hiyo atakuchekea na kukusalimu huku usingizi wake umeuibia. Kwa hiyo kunyamaza kwa mwenyeji si ruhusa. Hapo ndipo lilipo kosa langu, kuliko katika magurudumu. Nilisoma tabasamu la bibi kama cheti cha mwenendo mwema, nikajitunukia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwashuku watu wa namna yangu zaidi kuliko wale wenzangu wa Sukhumvit. Wao walilala katika jengo lililojengwa kwa kusudi la kulaza wageni, lenye kuta nene na bawabu anayelipwa kwa kukesha. Walipocheka ukumbini saa tano za usiku hawakumwamsha mwoka keki. Mimi, niliyetaka maisha ya kweli ya watu, niliyaingia kama mtu aingiaye shamba la mwenzake kutazama mahindi yanavyomea, akayakanyaga. Tena nilikwenda nikijisifu. Ukitaka kujua mtaa upi utageuzwa kesho, tazama leo wale wasemao, "Nataka mahali ambapo wageni hawajapafikia," wanaelekea wapi. Katika Talat Noi, mtaa wa kale kando ya mto huo huo, mafundi walirundika injini na vyuma vya magari ya zamani kwa miaka mingi na kuviuza. Sasa vijana huja kujipiga picha mbele ya marundo hayo, na nyumba za kahawa zimefunguliwa baina yao. Fundi mwenye mikono ya mafuta amekuwa pambo. Labda kahawa itamlipa kuliko vyuma, sijui. Lakini ningependa aulizwe.

Kuna jambo lingine ambalo sitalizunguka sana, kwa kuwa liko wazi. Katika majengo marefu ya makazi mjini Bangkok, watu wengine hukodisha nyumba zao kwa wageni kwa siku mbili au tatu, kwa bei nzuri. Sheria ya hoteli ya mwaka 2004 yataka anayekodisha kwa siku au kwa juma awe na kibali, isipokuwa wenye vyumba vichache kwa masharti, na mengine ya majengo hayo yana matangazo mlangoni yanayokataza kukodisha kwa siku. Mgeni hupewa ufunguo na kuelekezwa aseme kwa bawabu kuwa yeye ni rafiki wa mwenye nyumba. Mtu anayeanza safari yake kwa kumdanganya bawabu hahitaji insha ya kumwambia amekosa. Anajua.

Iko pia mitaa ambayo biashara yake ya usiku ni miili ya watu. Patpong, karibu na Silom, ulikuwa mtaa wa kawaida wa maduka kabla ya miaka ya vita vya Vietnam, ambapo askari wa Kimarekani walipewa likizo Bangkok wakaja na fedha zao. Vita vilikwisha mwaka 1975; biashara haikwisha. Baadhi ya wageni hulala karibu na mitaa kama hiyo kwa kuwa kuna treni na chakula, wakasema, "Mimi sinunui kitu." Nadhani wasema kweli, na siwezi kuwatia hatiani. Lakini kaa dirishani usiku mmoja umtazame msichana wa umri wako akisimama barabarani mpaka alfajiri, kisha uniambie kama ulilala kama kawaida. Ikiwa ulilala, hilo ndilo lingenihofisha.

Basi nimwambie nini mwanafunzi wangu? Kuna jibu jepesi, kwamba alale hotelini mbali na watu ili asimdhuru mtu. Silipendi. Nyumba ile ya Kudi Chin ilikuwa imerithiwa, na chumba nilicholala ndicho kilichosaidia kutengeneza paa lake. Mwenyewe alinionyesha bati jipya kwa fahari. Wageni wote wakihamia kwenye vioo, fedha itakwenda kwa wenye vioo, na mwenye nyumba ya mbao atauza. Na jibu la pili, kwamba alale na wananchi ili aonekane mwema, silipendi zaidi, kwa sababu nimeshalijaribu.

Ninaloliona ni hili. Mtaa uliozoea wageni hauombi mengi kwako. Umeshafanya mapatano yake, mema au mabaya, na wewe unalipa na kupita. Mtaa wa watu wakaao unaomba kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na katika kichochoro kama kile jembe hupewa siku ya kwanza, ila hupewi mkononi, kwa kuwa mwenyeji anaona haya. Yakupasa ulitafute mwenyewe: kuuliza watu wa hapa hulala saa ngapi, kuliinua sanduku badala ya kuliburuta, kuvua viatu pasipokuambiwa, kununua keki kwa yule uliyemwamsha. Kama umechoka, au una siku chache, au unataka kucheka na wenzako mpaka usiku wa manane, nenda Sukhumvit bila haya yoyote. Kama unataka kichochoro, jiulize kwanza kama una nguvu za kuwa jirani. Mtu aweza kuwa hana, na kukiri hivyo ni uungwana kuliko kujipenyeza.

Nilimpigia simu usiku ule ule nikamweleza yote haya, pamoja na habari za sanduku. Alisikiliza kimya. Akasema kwamba yeye atalala Pratunam kwa siku zote, hata zile tatu za ziada. Mjomba wake wa biashara amemwambia kuna hoteli ndogo ambayo wanawake kutoka Nairobi na Kampala hulala mwaka baada ya mwaka, na mama anayepika wali mbele ya mlango amekwisha kujua nani hali nguruwe na nani hapendi pilipili. Atavuka mto mchana, atazame, anunue keki, arudi. Nikaona kwamba alikuwa amelijibu swali lake kabla ya mimi.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, yule bibi wa keki anaitwa nani? Nikipita nimpe salamu zako."

Nikanyamaza. Nilikaa siku sita mlango kwa mlango naye, nikajua mwaka wa kanisa lake na mfalme aliyewapa ardhi wazee wake. Jina lake sikuliuliza.